Mayu na Matikiti Yaliyovaa Mashati

Nilifika Simiyu nikitokea Nachingwea, safari iliyochukua karibu wiki nzima kwa sababu sikuwa na haraka na hapakuwa na mtu wa kunipokea. Msimu wa ufuta ulikuwa umekwisha kule kusini, na mimi tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kukaa mahali baada ya msimu kwisha. Nilipanda basi hadi Dar es Salaam, jingine hadi Dodoma ambako nililala kwenye benchi la stendi, kisha Singida kwenye upepo unaotia mchanga mpaka kwenye meno, kisha Shinyanga. Hapo nikapata lifti juu ya lori la mashudu ya pamba. Baada ya Maswa nchi ikawa tupu. Mbuga nyeusi zilikuwa zimepasuka, mabua ya pamba yamechomwa, na ng'ombe walikwenda kwa mstari mmoja kuelekea kwenye malambo yaliyobaki tope. Kila kitu kilikuwa na rangi ya majivu.

Tulipita Bariadi bila kusimama. Mbele kidogo, tukielekea Lagangabilili, rejeta ikaanza kutoa mvuke na dereva akapaki pembeni.

"Ngosha," aliniambia, kama wanavyomwita mwanamume huko, "chukua dumu. Kule bondeni kuna miti, lazima pana mto. Ukimkuta mtu msalimie kwa Kisukuma, mwadila, watakupa maji."

Mto ulikuwepo, lakini ulikuwa mto wa mchanga mtupu. Ng'ambo yake palikuwa na uzio wa miiba, na ndani ya uzio palikuwa na kijani kibichi ambacho sikuwa nimekiona tangu Singida. Nikasukuma lango. Katikati ya kijani kile walikuwa wamelala watu.

Walilala juani, kila mmoja peke yake, umbali wa hatua kadhaa kutoka kwa mwenzake. Mmoja alivaa shati jeupe, mwingine shati la mirabaraba, mwingine sweta la shule lililopauka. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa. Ilikuwa saa sita mchana na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Nilisimama pale na dumu langu mpaka nikagundua kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa na kichwa.

"Pita pembeni," sauti ya mwanamke ilisema nyuma yangu. "Usiwakanyagie mizizi."

Alikuwa mrefu, amejitwika ndoo ya maji, mdomo wa chini umevimba kwa ugoro. Nikamwambia mwadila. Akaitikia, akacheka.

"Umefundishwa leo hiyo."

"Wale ni nani, mama?"

"Matikiti."

"Nilifikiri ni watu."

Aliitua ndoo yake bila haraka. "Hujakosea sana," alisema.

Alinijazia dumu, na wakati nikimshukuru akaniuliza kama nina kazi. Nilimpelekea dereva maji yake, nikachukua begi langu, nikarudi. Nilikuwa na hamu ya kujua tu. Hamu hiyo ikanikalisha misimu mingi kuliko mahali popote nilipowahi kukaa.

Watu wote walimwita Mayu, yaani mama. Katika nchi ile, kama kwingine, mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na sokoni Bariadi utasikia akina mama Kulwa na mama Masanja wakiitana siku nzima. Yeye alikuwa na mtoto wa kwanza, tena wa pekee, lakini hakuna aliyelitamka jina lake mbele yake. Hata wazee waliomzidi umri walimwita Mayu tu, bila kusema ni mama wa nani.

Habari hiyo niliipata kwa mkwe wake, mke wa mwanawe huyo. Alikuwa mwanamke kijana aliyeuza dagaa Kiloleli, na alikuja kumtazama mama mkwe kila mwezi na gunia dogo la dagaa begani. Alinieleza siku ya kwanza tuliyokutana, bila kuficha, kwa sababu huko kwao kila mtu alikuwa anajua.

Mayu alizaliwa huku kwenye mashamba lakini aliolewa ziwani, upande wa Busega. Mwanawe alikuwa mvuvi. Mtumbwi wao ulipinduliwa na upepo, wenzake wakapatikana wakiwa hai au wakiwa wamekufa, yeye hakupatikana kabisa. Katika ukoo wa mume wake, mtu aliyechukuliwa na ziwa lazima azikwe hata kama mwili haupo. Kaburi linachimbwa, na ndani yake unawekwa mgomba uliovikwa sanda, ili ardhi ipewe uzito wake na isiendelee kudai. Mpaka hilo lifanyike msiba haufungwi, mama haruhusiwi kuitwa kwa jina la marehemu, na mjane haolewi.

"Wakaleta mgomba," mkwe aliniambia. "Mayu akautazama, akasema, huu ni mgomba. Mwanangu hana uzito huu. Akawaambia wampe msimu mmoja, ataleta kitu chenye uzito wa mwanawe, alichokilea mwenyewe. Wakakubali kwa kumhurumia."

"Uzito wake anaujua?"

"Kilo sitini na mbili. Walikuwa wanabembea kwenye mizani ya pamba, vijana wa kijiji, msimu wa kuuza. Mayu mwenyewe alikuwepo, akawafukuza kwa fimbo. Lakini mshale aliuona."

Msimu mmoja ulikuwa umegeuka kuwa misimu mitano nilipofika. Mkwe alikuwa na mwanamume, fundi wa nyavu, anayemsubiri. Alilisema hilo akitoa vichwa vya dagaa, hakuinua macho.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu pale bondeni, kumfikisha mmoja kilo sitini na mbili. Tikiti la kawaida la huko likifika kilo kumi watu hulipiga picha. Mayu alianza na mbegu za aina kubwa alizozipata kwa mfanyabiashara wa Mwanza, na kila mwaka akawa anatunza mbegu za lile lililokua kuliko yote. Alilima kiangazi, wakati wengine wamepumzika, kwa sababu mvua haipimwi kwa ndoo. Mvua moja ya ghafla ingeweza kupasua kazi ya miezi. Kila mche aliuachia tunda moja tu. Mengine aliyakata yakiwa ukubwa wa yai, na alipokuwa akiyakata hakupenda mtu asimame karibu.

Joto alilijua kwa kiganja. Asubuhi na mapema alizunguka akichukua chavua ya maua dume na kuigusisha kwenye maua jike, kwa maana alisema jua likishapanda, ua jike hujifunga na kuanguka kama limesikia habari mbaya. Mchana aliweka kiganja juu ya kila tunda kama unavyomgusa mtoto mwenye homa. Tikiti kubwa likishashika joto haliliachii upesi. Jioni, wakati mchanga wa mtoni umeshapoa na sisi tumeshakula, ukiweka mkono chini ya shati ulikuta ngozi bado ina uvuguvugu. Sikuzoea. Nilijua ni jua la mchana lililobaki ndani, lakini mkono wangu haukukubali maelezo hayo.

"Jua likimkosa hakui," aliniambia. "Likimzidi anaungua mgongo. Ndiyo maana anavaa."

Mashati yalikuwa ya mwanawe. Kijana alikuwa mpenda mashati ya mitumba na aliacha sanduku zima. Mayu aliyafua kabla ya msimu, akayavalisha matunda yalipofika ukubwa wa kichwa cha mtu, akawa anasogeza vifungo kadiri yalivyonenepa. Mara nyingi nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake, sindano mkononi, anashona kifungo upya kwenye shati lililovaliwa, na mkono mwingine umetegemea tunda ili lisisogee. Wakati wa joto kali, tunda likivimba baada ya kunywa maji ya alfajiri, kifungo kiliweza kukatika chenyewe na kuruka kwenye majani. Hapo hapo ungesikia nyasi kavu tulizotandika chini yake zikilia taratibu, kri, kri, kama kitanda cha kamba mtu anapojigeuza. Mchana mtupu, hakuna upepo, na shamba zima linajigeuza.

Wafugaji walizungusha ng'ombe wao mbali. Wanawake waliokuja kuchota maji kwenye kisima chetu cha mchangani hawakupiga soga mpaka wafike ng'ambo.

Mwizi alikuja mara moja tu. Alikuwa dereva wa bodaboda, na alichagua saa ya mchana tulipokuwa kisimani. Tuliporudi tulimkuta amekaa chini katikati ya shamba, jasho linamchuruzika, na pembeni yake tikiti lenye shati la mirabaraba, kikonyo kimekatwa.

"Mama, nimemrudisha," alisema.

"Ulifika naye wapi?"

"Pale kwenye pikipiki. Nimembeba, akawa anazidi kuwa mzito. Halafu wa moto, mama. Wa moto kama mtu."

Mayu alilitazama tunda lake lililokatwa kabla ya wakati. Ilikuwa hasara ya msimu mzima, kwa kuwa mwaka ule ndilo lililotangulia. Nilifikiri atampiga. Aliinama, akafungua vifungo vya shati na kuvifunga tena kimoja kimoja.

"Vifungo umevikosea," alimwambia. Kisha akampa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maji ya kunywa.

Msidhani kwamba alikuwa mtu wa huzuni. Upande wa pili wa uzio alikuwa na bustani ya matikiti madogo ya biashara, na hayo tuliyapeleka Bariadi kwa mkokoteni. Sokoni Mayu alikuwa mtu mwingine. Aliyapasua kwa panga mbele ya wateja, akalamba kisu, akawatania wanaume mpaka wakanunua kwa aibu.

"Wewe unagonga-gonga kama polisi mlangoni. Unatafuta nani humo ndani? Nunua au pisha wenzako."

"Mayu, hili ni tamu kweli?"

"Tamu kuliko mkeo anavyokusema."

Nilimuuliza siku moja, tukirudi na mkokoteni mtupu, kwa nini yale anaweza kuyapasua. Alinishangaa.

"Yale ni matikiti, baba," alisema.

Alikuwa bahili wa chumvi na mkarimu wa nyama. Aliwasha redio kwa nguvu mpaka spika ikakwaruza, lakini ilipofika taarifa ya hali ya hewa ya ziwani alizima kwa kiganja kizima, kama anayeua mbu. Alikwenda kanisani kila Jumapili na kukaa karibu na mlango. Kuhusu mwanawe sikuwahi kusikia neno kutoka kwake isipokuwa uzito. Sikujua kama kijana alikuwa mrefu au mfupi, mpole au mkorofi. Niliyajua mashati yake na kilo zake tu.

Ugumu wetu wote ulikuwa saa sita mchana.

Majani ya tikiti ni mapana, na jua la kule likisimama utosini yote hulala. Yananyong'onyea, yanakunja kingo, mche mzima unaonekana kama unakata roho. Bwana shamba wa wilaya, kijana mpole aliyekuja na pikipiki kila alipopata mafuta, alimweleza mbele yangu.

"Mayu, hiyo siyo kiu. Mmea unajikunja kujikinga na jua. Chimba kidogo kwa kidole, udongo una maji. Wewe mwagilia alfajiri, mwagilia jioni, kiasi kile kile kila siku. Saa hii muache. Jioni majani yataamka yenyewe."

"Nimesikia."

"Ukimwaga maji ya baridi saa hii, tunda linayavuta yote kwa mkupuo wakati ngozi imekazwa na joto. Litapasuka."

"Wewe una mtoto?" Mayu alimuuliza.

"Bado, Mayu."

"Haya. Siku ukiwa naye uje tuongee."

Kijana alicheka, akaenda zake. Alikuwa amesema kweli, na Mayu alijua. Alijua kabla yangu, alijua kabla ya bwana shamba. Kila jioni alikuwa akiona majani yakiinuka. Alfajiri na jioni alipima maji kwa kopo lile lile, hakuzidisha wala kupunguza, na ukijaribu kumsaidia kwa ndoo alikunyang'anya. Msimu mzima alijizuia. Adhuhuri ilipofika alikaa kwenye kivuli cha kibanda, mgongo kwa shamba, akibwia ugoro.

Lakini kila mwaka, matunda yanapokaribia, ilikuja adhuhuri ambayo hakuweza. Niliiona kwa macho yangu mwaka wa kwanza. Tunda la shati jeupe tulikuwa tumelipima mzunguko kwa futi ya fundi cherehani, na kwa jedwali la bwana shamba lilikuwa limebakiza kilo chache. Jua lilikuwa kali mpaka ng'ambo ya mto ilikuwa inacheza. Majani yakalala. Mayu aligeuka kuyatazama. Alitazama muda mrefu, midomo inatembea. Kisha akainuka na ndoo.

"Mayu, acha," nilisema.

"Ana kiu."

"Bwana shamba alisema..."

"Unamwona jinsi alivyolala? Wewe humwoni?"

Alimwaga ndoo nzima kwenye shina, polepole, akisema naye kwa Kisukuma cha chini chini. Baadaye, tukiwa tumekaa, tulisikia mlio kama wa ubao uliokanyagwa. Tulipofika shati lilikuwa linageuka jekundu kuanzia tumboni. Mayu hakulia. Alilivua upesi, akalipeleka kisimani, akalifua kabla doa halijashika.

Mwaka wa pili ilikuwa hivyo hivyo. Wa tatu ukawa ule wa mwizi. Mwaka wa nne, mkwe wake alikuwepo ndoo ilipoinuliwa. Alisimama njiani na mikono yake yenye harufu ya dagaa.

"Mayu," alisema, "huyu alikufa maji. Unampa maji tena?"

Nyasi chini ya matunda ziliacha kulia. Mayu alimzunguka mkwe wake kama unavyozunguka mti, akaenda, akamwaga.

Siku ile ndipo nilipoelewa, na nadhani mkwe alikuwa ameelewa zamani. Mimi nilikuwa nikihesabu kwamba kila mwaka tunakosa kwa bahati mbaya. Hapakuwa na bahati mbaya yoyote. Likifika uzito, itabidi litiwe kaburini. Mayu alimlea mwaka mzima na kumwokoa siku za mwisho kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Mwaka wa tano mkwe alihamia bondeni. Alifunga biashara yake Kiloleli, akaja na mkeka, kitana na mafuta ya nywele. Ilipofika adhuhuri alitandika mkeka kibandani, akamkalisha Mayu kati ya magoti yake, akaanza kumsuka. Alisuka taratibu, mistari myembamba kuelekea kisogoni, mpaka jua lipinde na majani yaamke. Kesho yake adhuhuri alifumua zote, akaanza upya. Mwanamke anayesukwa hainuki. Nywele zake ziko mikononi mwa mtu. Mayu angeweza kukataa. Alikuwa na nguvu kutuzidi sote wawili. Lakini kila adhuhuri alikuja mwenyewe na kukaa, na nilipopita karibu niliona macho yake yametulia kwenye tunda la shati jeupe, lililotangulia mwaka ule, huku kichwa kikivutwa nyuma.

"Unaniumiza," angesema.

"Vumilia, Mayu. Bado kidogo."

"Kila siku bado kidogo."

"Nywele zako ngumu kama wewe."

Siku za mwisho hawakutaniana tena. Joto lilikuwa baya kuliko miaka yote niliyokaa. Majani yalilala mapema na kuchelewa kuamka, na tunda lile lilikua kiasi cha kuonekana kwa macho. Shati jeupe halikufunga tena. Mayu alilitanua kwa kulipachika kipande cha shati la mirabaraba kifuani. Nyasi zililia mchana kutwa. Mara moja mkwe aliacha kusuka, akauliza kwa sauti ndogo, "Mmesikia?" Mimi nilikuwa nimesikia. Mayu akamwambia, "Suka."

Baba mdogo wa marehemu alikuja kutoka ziwani na mizani ya pamba iliyoazimwa. Ilikuwa asubuhi. Mayu ndiye aliyekata kikonyo, kwa kisu cha sokoni, pigo moja. Tulilifunga kwenye turubai, tukalitundika kwenye tawi la mgunga. Tawi lilishuka. Mshale ukaenda, ukapita sitini na mbili, ukasimama kwenye sitini na saba.

Mayu alisogea akautazama mshale kwa karibu.

"Siye," alisema.

"Mayu," baba mdogo alianza.

"Siye huyu. Amezidi. Mwanangu mimi namjua."

Baba mdogo alitazama chini. Mimi nilitazama chini. Mkwe alikuwa ameshika kitana bado, alikuwa amekuja nacho bila kujua.

"Miaka yote hiyo, Mayu," alisema. "Ulitaka abaki vile vile? Amekuwa mtu mzima. Hata mimi nimekua."

Tunda lilikuwa linazunguka polepole kwenye kamba, upande huu, kisha upande ule. Mayu alilisimamisha kwa kiganja. Akalishika hivyo mpaka likatulia kabisa.

"Haya," alisema. "Mshusheni."

Tulisafiri kwa pikapu ya kukodi kupitia Bariadi mpaka ziwani, na mimi nilikaa nyuma nikiwa nimelikumbatia lisibingirike. Lilikuwa limeshavikwa sanda juu ya shati. Jua lilipiga njia nzima, na sanda ikawa ya moto kifuani kwangu. Waendesha baiskeli waliokutana nasi walishuka na kuvua kofia. Sikujua niwafanyie ishara gani. Niliinamisha kichwa, kama anavyofanya ndugu.

Kaburi lilikuwa limechimbwa karibu na makaburi ya wazee wao, mahali ambapo ziwa huonekana. Udongo wa pale ni mweusi, na chini una unyevu unaopanda kutoka majini. Tulishuka watatu ndani kulipokea. Nakumbuka ubaridi wa shimo lile kwenye miguu, na joto la mzigo kwenye mikono. Tulililaza, tukapanda juu. Katekista alikuwa ameanza kusoma.

Ndipo lilipotoa sauti. Kitu cha moto kimewekwa kwenye ubaridi, ngozi imekaza, ndani kumevimba. Naweza kuieleza leo kwa maneno ya bwana shamba. Lakini wakati ule, kutoka chini ya shimo, sote tulisikia pumzi nzito ya mtu aliyekuwa ameishikilia muda mrefu. Kisha doa jekundu likatokea kwenye sanda upande wa kifua, likapanuka bila haraka. Katekista alinyamaza. Watu wawili walirudi nyuma. Wenye majembe waliyashikilia hewani.

Mayu alikuwa ukingoni. Alitazama doa likifika ukingo wa sanda.

"Fukieni," alisema. "Asipigwe na jua."

Walifukia. Jioni mama na mkwe walinyolewa pamoja, msiba ukafungwa, na mkwe alibaki ziwani, kwa fundi wake wa nyavu. Mayu alirudi nami Bariadi siku ya tatu.

Mimi niliondoka baada ya mavuno ya bustani ndogo. Hapakuwa na ugomvi. Kazi ilikuwa imekwisha, na nilikuwa nimesikia kwamba kuna uvunaji wa mpunga upande wa Mbarali. Mayu alinisindikiza mpaka barabarani kusubiri gari, kitambaa kimefunga kichwa chake chenye kipara. Alikuwa amenibebea michembe kwenye mfuko. Tulisimama tukatazama vumbi la gari likitokea mbali upande wa Lagangabilili.

"Alikuwa mvivu, yule," alisema ghafla.

Nikageuka.

"Mvivu sana. Kuamka hataki. Unamwita, anaitika, halafu amelala. Namwagia maji usoni, anacheka." Alifuta mdomo. "Na uongo. Alikuwa anajua uongo. Siku moja alirudi hana kiatu kimoja, akaniambia fisi amekichukua. Fisi, baba, mchana, sokoni Lamadi."

Gari lilisimama. Kondakta alichukua begi langu, akanihimiza. Mayu alikuwa amenishika mkono wa shati.

"Na kuimba alikuwa hajui, lakini anaimba. Majirani wanakuja kulalamika. Na yule msichana, huyo mkwe wangu, unajua alimpataje? Alimtania kwamba dagaa wake wana mchanga. Akachapwa kwa ungo..."

Kondakta alisema mama, mwachie msafiri. Akaniachia. Nilipanda, nikakaa dirishani, na gari likaanza kuondoka. Mayu alitembea nalo kidogo, kisha akasimama, na kwa vumbi sikusikia tena. Lakini nilimwona. Mkono ulikuwa juu, unaonyesha urefu wa mtu, na mdomo ulikuwa bado unasimulia.